Mshipa wa Ziada Kushoto mwa Moyo: Cha Kuuliza na Cha Kuandika

Kama umepimwa eko ya moyo na kwenye karatasi ya majibu pameandikwa herufi PLSVC, au daktari amekwambia una vena kava ya juu ya upande wa kushoto, mwongozo huu ni wako. Unamhusu pia mzazi ambaye mtoto wake ameonekana nayo akiwa bado tumboni, na yeyote anayemuuguza ndugu aliye kwenye dialisisi au anayesubiri kuwekewa betri ya moyo. Nianze na lile unalotaka kulijua kwanza. Kwa watu wengi mshipa huu hauumi, hauzidi kukua, na hauhitaji dawa wala kisu. Matatizo mengi huanza pale mtu anapokuingizia mrija au waya kifuani bila kujua kwamba upo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni yako: ujue mshipa wako ni wa namna gani, na uhakikishe kila atakayegusa mishipa yako amejua kabla hajaanza.

Wala si wewe peke yako. Katika watu 1,000 wa kawaida, kati ya 3 na 5 wanao. Ukijaa Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000, humo ndani wapo watu kama 180 hadi 300 wenye mshipa huu, karibu wote wakiwa hawana habari. Kwa wale waliozaliwa na kasoro nyingine ya moyo idadi hupanda, mara nyingi ikawa kati ya asilimia 3 na 10. Miongoni mwa hitilafu za kuzaliwa nazo za mishipa mikubwa inayorudisha damu kifuani, hii ndiyo inayoonekana mara nyingi zaidi.

Umetoka wapi

Mwanzoni mwa mimba kila mmoja wetu alikuwa na mishipa miwili mikubwa ya kushusha damu kutoka kichwani na mikononi, mmoja kulia na mmoja kushoto. Kufikia takriban wiki ya 8, hufunguka mshipa wa kuvuka kifua unaopeleka damu ya kushoto upande wa kulia. Wa kushoto ukikosa kazi hunywea, na nyuma ya moyo unabaki uzi mdogo pamoja na kimshipa chembamba. Mtaalamu wa anatomia wa Uingereza, John Marshall, aliueleza uzi huo mwaka 1850, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Kwako wewe, ule wa kushoto haukunywea. Mama yako hakukosea kitu, na hapakuwa na mkono wa mtu.

Mshipa huo hushuka upande wa kushoto wa kifua, ukapita mbele ya upinde wa ateri kuu, na mara nyingi huishia kwenye mfereji ulio nyuma ya moyo unaokusanya damu iliyokwisha kuulisha msuli wa moyo wenyewe. Wataalamu wanauita sainasi ya koronari. Kwa kuwa sasa unapitisha damu nyingi kuliko ilivyokusudiwa, mfereji huo hutanuka, na ndicho kitu cha kwanza mpimaji wa eko anachokiona. Lakini hapa pana tahadhari: mfereji huohuo hutanuka pia pale shinikizo la damu linapopanda upande wa kulia wa moyo, kwa mfano kwa mgonjwa mwenye shinikizo kubwa katika mishipa ya mapafu. Kama umeambiwa tu kwamba mfereji umetanuka, bado hujapewa jibu. Omba vipimo viendelee.

Maswali matatu

Ukikaa mbele ya daktari wa moyo, usitoke chumbani mpaka umepata majibu ya maswali matatu. Uliza kwa adabu, lakini uliza: “Daktari, naomba unieleze, mshipa huu unaingiza damu wapi? Ule wa kulia ninao? Na kuna kasoro nyingine yoyote ndani ya moyo?”

Swali la kwanza ndilo zito kuliko yote. Chukua mfano wa nyumba yenye matangi mawili, moja la maji yanayosubiri kuchujwa na jingine la maji ya kunywa. Chumba cha juu cha kulia cha moyo ndicho hupokea damu inayosubiri kwenda kuchujwa na kupewa oksijeni mapafuni. Cha kushoto hupokea iliyokwisha kurudi kutoka huko, tayari kusukumwa mwilini na kwenye ubongo. Kwa asilimia kati ya 80 na 90 ya wenye mshipa huu, damu yake huishia kulia, mahali pake. Mzunguko wa damu unabaki sawa na wa jirani yako asiyekuwa nao. Kwa waliobaki, damu huingia kushoto, moja kwa moja au kwa sababu ukuta kati ya mfereji na chumba cha kushoto haupo. Hali hii ya mfereji usio na ukuta, ikiambatana na tundu kati ya vyumba viwili vya juu, ilielezwa kwa kina mwaka 1965 na daktari Raghib na wenzake, na kwenye baadhi ya vitabu imebeba jina lake.

Damu ikiingia kushoto bila kupita mapafuni, mambo mawili hutokea. Kiwango cha oksijeni hushuka, wakati mwingine kidogo tu kiasi kwamba mtu huishi miaka mingi akidhani kuchoka ndivyo alivyoumbwa. La pili ni baya zaidi: mapafu hunasa mabonge madogo ya damu, vijidudu na mapovu ya hewa yaliyomo ndani ya mishipa. Kichujio hicho kikirukwa, bonge dogo lililoanzia mkononi linaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kiharusi, na vijidudu vinaweza kusababisha jipu ndani ya ubongo. Kijana aliyepata kiharusi au jipu la ubongo pasipo sababu ya kueleweka, huku kipimo cha kidoleni kikionyesha oksijeni iko chini bila ugonjwa wa mapafu, anastahili kuchunguzwa kwa jicho hili. Nalisema kwa mkazo kwa sababu kipimo chenyewe ni rahisi, na kosa linaloharibu matokeo yake ni dogo sana.

Kipimo hicho ni eko ya vipovu. Maji ya chumvi ya dripu hutikiswa kati ya bomba mbili za sindano hadi yajae vipovu vidogo mno, kisha huingizwa haraka kwenye kanula mkononi huku mpimaji akitazama moyo kwenye kioo. Mkono unaochomwa ndio unaoamua. Ikichomwa kulia, vipovu vitashuka kwa njia ya kawaida, vitaonekana chumba cha kulia, na kila mtu ataridhika ilhali mshipa wa kushoto haujaguswa. Lazima ichomwe mkono wa kushoto. Vipovu vikitokea kwanza kwenye mfereji uliotanuka halafu ndiyo chumba cha kulia, mshipa upo na unaishia panapofaa. Vikitokea kwanza chumba cha juu cha kushoto, basi damu inaingia pabaya. Halafu mpimaji akirudia kwa mkono wa kulia na vipovu vikapitia tena kwenye mfereji uleule, amekwisha kujibu swali lako la pili: wa kulia haupo.

Kwa hiyo usione haya kumwambia mpimaji: “Naomba kanula iwe mkono wa kushoto, natafutiwa mshipa wa kushoto.” Ni sentensi moja, na inaweza kukuokolea safari nzima ya rufaa. Picha ya CT ya kifua yenye dawa ya kung'arisha mishipa hukamilisha ramani pale eko isipotosha, hasa kama kuna upasuaji mbele.

Swali la pili, la kuwapo kwa mshipa wa kulia, watu hulipuuza. Wengi wa wenye hali hii wana yote miwili. Lakini kwa takriban asilimia 10 hadi 20 wa kulia haupo kabisa, na damu yote ya kichwa na mikono yote miwili inategemea huu wa kushoto. Mtu wa namna hiyo akikutana na daktari anayetaka kuuziba au kuufunga, pasipo mshipa mwingine wa kutosha kupokea damu hiyo, shinikizo litapanda kichwani na usoni. Hakikisha jibu la swali hili limeandikwa, si limesemwa tu.

La tatu ni kasoro nyingine. Mshipa huu hupenda kuandamana na matundu ya moyo, na vali ya ateri kuu yenye vipande viwili badala ya vitatu, na ateri kuu iliyobanwa, na hitilafu ya Fallot. Ukionekana umekuja peke yake baada ya eko kamili, shukuru na uendelee na maisha.

Ukihitaji betri ya moyo, dialisisi au upasuaji

Hapa ndipo mshipa uliokaa kimya miaka 50 hujitokeza.

Betri ya moyo mara nyingi huwekwa chini ya mfupa wa mtulinga wa kushoto, na waya wake husukumwa kupitia mshipa hadi chumba cha chini cha kulia. Kwako waya utashuka kushoto, utapita kwenye mfereji ulio nyuma ya moyo, utaingia chumba cha juu cha kulia, kisha utatakiwa kujikunja kwa kona kali ili uingie chini. Inawezekana, madaktari wenye uzoefu hufanya, kwa kutengeneza kitanzi na kutumia waya unaojifunga kwenye msuli kwa skrubu. Lakini kazi huwa ndefu na waya unaweza kuhama. Ikiwa mshipa wako wa kulia upo, jambo la busara ni betri kuwekwa upande wa kulia tangu mwanzo. Kama haupo, kuna njia nyingine: betri ndogo isiyo na waya inayopitishwa kwenye mshipa wa paja, au waya zinazoshonwa juu ya moyo kwa upasuaji. Mazungumzo haya yafanyike kliniki kabla ya siku ya kazi. Mezani muda umekwisha kwenda.

Mgonjwa wa figo anayewekewa katheta ya dialisisi shingoni naye amwambie daktari wake mapema. Upande wa kulia wa shingo ndio unaopendelewa kwa kila mtu, na kwako sababu imeongezeka. Katheta ikipitishwa kushoto inaweza kuingia kwenye mshipa wa ziada, na kama ncha yake itakaa ndani ya mfereji wa nyuma ya moyo badala ya mahali palipo wazi, damu inaweza kuganda, mapigo ya moyo yakavurugika, au ukuta mwembamba ukatobolewa. Iwapo mshipa wako unaishia chumba cha kushoto, katheta ya upande huo isiwekwe kabla daktari wa figo na wa moyo hawajaongea.

Nina neno pia kwa wauguzi, matabibu na madaktari wanaosoma ukurasa huu kabla ya zamu. Umeweka katheta kubwa kupitia shingo au bega la kushoto, eksirei inarudi, na mrija unaonekana umeshuka wima kando ya kushoto ya uti wa mgongo badala ya kuvuka kwenda kulia. Usianze kuutumia, na usiuchomoe kwa pupa. Huenda umeingia kwenye ateri, huenda uko nje ya mshipa, na huenda umekutana na mshipa huu. Pima gesi za damu iliyotoka kwenye mrija, tazama wimbi la shinikizo, linganisha na damu ya ateri. Kisha omba eko au picha yenye dawa ya kung'arisha. Ikiwa ni ateri, kuuchomoa tu kunaweza kumwaga damu mahali usipoweza kupabana. Na wakati wa kuingiza waya wa kuongoza, ukihisi unagoma au mashine ya mapigo ikionyesha moyo umeanza kuruka, simama. Waya unaosukumwa kwa nguvu ndani ya mfereji wa moyo unaweza kushusha presha, kuleta maumivu ya kifua, au kutoboa hadi damu ikajaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo.

Kwa upasuaji wa moyo, daktari mpasuaji lazima ajue kabla kifua hakijafunguliwa. Moyo unaposimamishwa, mashine huchukua kazi ya kuzungusha damu, na mirija huwekwa kwenye mishipa mikubwa kunasa damu yote inayorudi. Mshipa wa kushoto usiojulikana utaendelea kumwaga damu ndani ya moyo uliofunguliwa. Pia ile dawa ya kuutuliza na kuulinda moyo wakati umesimama, ambayo wakati mwingine huingizwa kinyumenyume kupitia mfereji wa nyuma, kwako itapotelea kwenye mshipa huo na msuli utabaki bila ulinzi wa kutosha. Njia ya kuipitisha mbele, kwenye ateri kuu, ndiyo ya kutegemewa. Timu za upasuaji, kama ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili au ya Uganda Heart Institute kule Mulago, zinayajua haya. Wanachohitaji ni kuambiwa mapema.

Walio na mshipa unaoingia kushoto wapo watakaopendekezewa tiba. Mpasuaji anaweza kujenga ukuta uliokosekana, au kuuelekeza mshipa kulia. Pale wa kulia ukiwepo na mshipa wa kuvuka ni mpana, mshipa wa ziada unaweza kufungwa, wakati mwingine kwa kizibo kinachopitishwa kwa katheta bila kupasua kifua. Mpaka hapo tiba itakapofanyika, omba dripu zote zitolewe hewa kwa makini, ziwe na kichujio cha hewa kama kipo, na mkono wa kushoto uachwe ikiwezekana.

Kwa mama mjamzito

Kwenye ultrasaundi ya kina, mpimaji hutafuta mishipa mitatu iliyojipanga juu ya moyo wa mtoto. Akiona minne, wa nne huenda ndio huu. Ukiambiwa hivyo usilie kabla ya wakati. Omba rufaa ya kupimwa moyo wa mtoto kwa ukamilifu akiwa tumboni. Moyo ukiwa mzima kwingineko, mtoto huyo ana kila sababu ya kukua kama wengine.

Lakini pana jambo moja la kufuatilia akishazaliwa, nalo ni kubanwa kwa ateri kuu, ambako kwa watoto hawa huonekana zaidi kuliko kwa wengine. Halijitokezi siku ya kwanza kila mara, kwa sababu mtoto huzaliwa na njia ya muda inayosaidia damu kupita, na njia hiyo hujifunga katika siku chache za mwanzo. Kwa hiyo kabla hujaruhusiwa, mwombe muuguzi: “Sista, naomba mtoto apimwe oksijeni mkononi na mguuni, na mapigo ya mapajani yaguswe.” Rudi kwa kipimo cha eko kama ulivyopangiwa hata kama mtoto ananyonya vizuri. Nyumbani, mtoto anayeshindwa kunyonya, anayetoka jasho akinyonya, anayepumua mbio, aliyepoa miguu au aliyelegea apelekwe hospitali usiku huohuo. Kwa ngozi zetu nyeusi, weusi wa kukosa oksijeni utafute kwenye ulimi na fizi, si kwenye vidole.

Mapigo ya moyo

Wapo ambao mshipa huu huwaletea moyo kwenda mbio ghafla, kupiga ovyo, au kwenda polepole kupita kiasi. Mfereji uliotanuka uko jirani na njia za umeme wa moyo, na ukuta wa mshipa wenyewe unaweza kuwa chanzo cha mapigo yasiyo na mpangilio. Ukihisi moyo unaruka, au umezimia hata mara moja, usikubali kuambiwa ni mawazo tu. Omba ECG, na kama haionyeshi kitu omba kifaa cha kuvaa saa 24. Tiba ya kuunguza kiini cha mapigo mabaya ipo, na hapo tena daktari ataihitaji ramani ya mshipa wako.

Yasiyokuhusu

Ukiwa na mshipa unaoishia kulia, bila kasoro nyingine na bila dalili, huhitaji dawa ya kuyeyusha damu kwa ajili yake. Huna haja ya kuacha mpira, jembe wala mazoezi. Unaweza kubeba mimba. Hakuna mzizi wa kuukausha, na anayekuuzia anachukua fedha yako bure. Kadhalika hakuna sababu ya kuipeleka familia nzima kupimwa eko kwa ajili ya mshipa huu peke yake. Fedha hiyo itakufaa kwa CT yako mwenyewe ukiambiwa unaihitaji.

Andika leo

Chukua kipande cha karatasi ngumu, ukubwa wa kitambulisho, na uandike maneno haya: “Nina vena kava ya juu ya kushoto, PLSVC. Inaingia chumba cha juu cha kulia” au “cha kushoto”, kama ulivyoambiwa. “Ya kulia ipo” au “haipo”. Andika imethibitishwa kwa kipimo gani, mwaka gani, na hospitali ipi. Mpe daktari wako aikague na kuipiga muhuri. Ipige picha ibaki kwenye simu, pamoja na picha ya majibu ya eko au CT, kwa maana mafaili hupotea na wagonjwa huhamishwa kutoka mkoa mmoja hadi mwingine.

Halafu mfundishe mtu mmoja nyumbani: mume, mke, dada, mtoto mkubwa, yule ambaye ukiugua ndiye atakayekaa kando ya kitanda. Siku ya ajali au ya nusukaputi hutaweza kusema mwenyewe, na ndiyo siku watu watakayotaka kukuwekea mrija mkubwa kwa haraka. Huyo mtu atakachotakiwa kusema ni kifupi: “Daktari, ndugu yangu ana mshipa mkubwa wa ziada kushoto. Karatasi yake hii hapa. Kama mnaweza, tumieni upande wa kulia.” Na kama kadi inasema wa kulia haupo, mwisho wa maneno hayo ubadilike: “Wa kulia hana. Tafadhali mwiteni daktari wa moyo kabla hamjaanza.” Mfanyishe mazoezi ya kuyasema mpaka ayatamke bila kusoma.